Siku ya Tatu ya Mgeni

Mfalme wa Milansi alikwenda kuwinda. Kabla ya kuondoka, husema wasimulizi wa Ufipa, alimwonya mkewe: watakuja wageni, wataitamani nchi, usiwape. Wakaja kweli, wanawake watatu, na mfalme bado yuko porini. Mke akafanya lile ambalo mtu mwenye adabu hulifanya akipigiwa hodi: akawakaribisha, akawatolea kiti. Kumbe kiti chenyewe ni cha enzi. Mfalme aliporudi na mawindo yake, nchi ilikwisha kupata wenyewe wengine.

Kisa hiki kilisimuliwa Ufipa vizazi na vizazi kabla mwanaanthropolojia Roy Willis hajakiandika katika miaka ya 1960. Kutoka kwa wanawake wale ndiko ulikoanza ukoo wa Watwa, ambao himaya yao baadaye iligawanyika mara mbili, Nkansi na Lyangalile. Lakini mfalme wa Milansi hakufukuzwa wala kuuawa. Alibaki na kijiji chake, akabaki na heshima ya mambo matakatifu. Waliokuja walipata utawala, naye akabaki na utangulizi.

Mimi hurudi kwenye kisa hiki kila nisikiapo watu wakibishana ni nani aliyeanza. Nani alianzisha kijiji hiki, shule hii ni ya nani, duka la kwanza lilikuwa la nani. Ni ubishi wa kila mahali. Kule Marekani, katika nchi za nyasi za magharibi ambako sheria ya 1862 iliahidi ekari 160 kwa yeyote ambaye angekaa na kulima kwa miaka 5, kila mji una kitabu chake cha familia za kwanza, shule ya kwanza ya chumba kimoja, duka la kwanza la rejareja. Vitabu vingi vya namna hiyo huanza siku ile lilipofika gari la kwanza la kukokotwa na maksai. Mataifa yaliyokuwa yakiwinda nyati katika nyasi zile zile hupewa ukurasa mmoja wa utangulizi, kisha hadithi yenyewe ikaanza.

Ufipa nayo ni nchi ya nyasi. Uwanda huu wa Tanzania umeinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na mji wa Sumbawanga uko mita kama 1,800 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mwezi wa sita mtu huvaa koti asubuhi na kulitafuta tena jioni. Ni rahisi kusimama kwenye nyasi hizi, upepo ukivuma, ukadhani hapajawahi kukaa mtu. Hapo ndipo macho yanapodanganya.

Shuka kusini mpaka maporomoko ya Kalambo, ambako mto wa mpaka wetu na Zambia unaanguka zaidi ya mita 200. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kuwa karibu na maporomoko hayo walipata magogo mawili yaliyochongwa ili yalaliane na kushikana, kazi ya mikono ya miaka takriban 476,000 iliyopita. Binadamu wa aina yetu alikuwa hajatokea bado. Fundi seremala wa kwanza tunayemjua duniani alifanya kazi ukingoni mwa nchi hii, na hatuwezi hata kumwita babu. Rudi sasa juu Nkansi. Matanuru marefu ya kuyeyushia chuma, yaitwayo malungu, mengine bado yamesimama mashambani, na watu huyaonyesha kwa fahari kuwa ni ya wazee wao. Lakini mwanaakiolojia Bertram Mapunda, aliyechimba huko, anaeleza kuwa ipo teknolojia nyingine, ya matanuru mafupi, katukutu, iliyotangulia malungu. Chini ya wa kwanza yupo wa kwanza mwingine.

Nadhani waliotunga kisa cha Milansi walilijua hili kuliko sisi. Mtu wao wa kwanza, Ntatakwa, hakuja kwa miguu. Alianguka kutoka mbinguni. Zamani nililiona jambo hili kama pambo la hadithi tu. Siku hizi naliona kama hoja. Anayekuja kwa miguu lazima amkute mtu, au alama ya mtu: majivu, njia, mti uliokatwa. Ukitaka wa kwanza asiye na wa kumtangulia, itakubidi umteremshe kutoka juu. Waliosimulia hivyo walikuwa wakikiri, kwa lugha ya hadithi, kwamba hapa duniani wote tumekuta.

Kama wote tumekuta, uanzilishi ni nini basi?

Kiswahili kina methali ambayo kila mtoto anaijua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huwa tunaitumia kumsema mgeni asiyeaga. Lakini isikilize vizuri, haisemi mfukuze. Siku ya tatu mgeni hapewi nauli, anapewa jembe, na jembe halina maana bila shamba. Kwa hiyo mwenyeji anayetoa jembe anatoa na ardhi ya kulimia, nafasi kwenye mstari wa walimaji, na haki ya kulalamika mvua zikichelewa. Siku mbili za mwanzo mgeni alikula alichopikiwa. Siku ya tatu anaanza kula alichokipanda, na hapo ndipo anapoanza kuwa mtu wa mahali.

Katika Ufipa jembe lilikuwa kitu kizito kuliko tunavyolidhania leo, tunapolinunua dukani likiwa na nembo ya kiwanda. Ilungu, yaani tanuru moja la udongo katika yale malungu, liliinuka kama mita 3 na zaidi, likavuta hewa lenyewe kupitia mirija ya udongo iliyopangwa chini, bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo bado kilikuwa kichafu, kikapelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, ambako mivukuto ilitumika kukisafisha, ndipo mhunzi akapata cha kufua. Kulikuwa na dawa zake, miiko yake, na nyimbo zake. Na tanuru lenyewe lilitendewa kama bibi harusi: lilipambwa, likaimbiwa, likatazamiwa kuzaa.

Bibi harusi. Mfano huo haukuchaguliwa ovyo. Ukizitazama familia tunazoziita za waanzilishi, zimeandikwa kwa majina ya wanaume: fulani alikuja, akamzaa fulani. Lakini katika kila nyumba yupo mtu mmoja aliyekuja akiwa mgeni kamili, akakuta jiko la mwenzake, akaambiwa hapa chumvi inakaa hapa, akapewa jembe hata kabla ya siku ya tatu, na bila yeye ukoo usingekuwapo. Kila ukoo umeanzishwa na mgeni aliyekaribishwa. Ndiyo maana sishangai kwamba kisa kikuu cha Ufipa kimewekwa mikononi mwa wanawake, watatu wanaobisha hodi na mmoja anayefungua.

Na jembe la Ufipa lilikuwa na kazi yake maalumu. Mvua zikielekea mwisho, mkulima hukata mabonge ya udongo pamoja na nyasi zake, akayageuza na kuyarundika kuwa vituta vya mviringo, intumba. Nyasi zinaozea ndani. Juu yake hupandwa maharage. Msimu unaofuata kituta hubomolewa, udongo ulionona hutandazwa, na ulezi husiwa. Nyasi za mwaka jana huwa mbolea ya mwaka huu. Ukila ugali wa ulezi uliolimwa hivyo, unakula na nyasi zilizokuwapo kabla hujafika. Sijui elimu ya historia iliyo safi kuliko hiyo.

Tuje kwenye shule.

Kwenye kila shule ya kijiji utakuta jiwe la msingi, na kwenye jiwe utakuta jina la mgeni rasmi. Angalia mzaha wa lugha yetu: msingi umewekewa jina la mgeni, tena wa siku moja, asiyefikisha hata zile mbili. Alifika saa nne, akavuta kitambaa, akala wali na kuku, na kabla ya jua kuzama vumbi la gari lake lilikuwa limeshatulia barabarani. Waliofyatua matofali hawapo kwenye jiwe. Waliobeba maji ya kukandia udongo, wengi wao wanawake, hawapo. Jiwe linasema kweli kuhusu tarehe, lakini kuhusu mwanzo halijasema kitu.

Historia ya shule huku mara nyingi huanzia ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, huko Karema, ambayo leo iko Mkoa wa Katavi. Kapteni Cambier wa Ubelgiji alijenga kituo hapo 1879, na 1885 kikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wale waliojulikana kama Mapadre Weupe. Masista wao wakafuata baadaye. Kutoka ziwani misheni ikapanda uwandani, ikafungua parokia na shule. Hayo ndiyo yanayoandikwa. Lakini padre mmoja hawezi kufundisha vijiji ishirini. Aliyefundisha ni katekista, mtu wa huku, mwenye kitabu kimoja, ubao mmoja, na shamba lake mwenyewe la kumlisha. Na shule hiyo haikumkuta mtoto mahali patupu. Watoto wa Kifipa walizoea kutoka nyumbani kwa wazazi wakiwa bado wadogo, wakaenda kulala na wenzao wa rika moja, wakafundishana adabu na kazi. Misheni ilipowaomba watoto walale kwake, iliomba jambo ambalo tayari lilikuwa na umbo katika maisha ya watu. Nyasi za mwaka jana.

Halafu yupo mzazi. Ulezi ukikomaa ndege huja kwa makundi, na kazi ya kuamia shamba ilikuwa ya watoto. Mzazi aliyemwachia mwanawe aende kusoma wakati wa kuamia alitoa sehemu ya mavuno yake kwa kitu ambacho hajakiona kikimfaa mtu yeyote anayemjua. Naona uanzilishi wa shule uko hapo zaidi kuliko kwenye paa.

Katika wageni wote wa Karema mmoja ananifundisha zaidi. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, upande wa pili kabisa wa Afrika. Aliibwa akiwa mtoto, akauzwa, akakombolewa na wamisionari huko Algeria, akasomeshwa utabibu Malta, na 1889 akawa ameshafika Karema. Alioa hukohuko, akatibu hukohuko, akafundisha dini hukohuko, mpaka alipofariki 1956. Miaka 67. Hospitali mojawapo mjini Sumbawanga inaitwa kwa jina lake. Mtu huyu hakuwa na babu hata mmoja katika ardhi hii, wala hakuchagua safari iliyomtoa kwao. Lakini nani atamwita mgeni? Siku yake ya tatu ilidumu maisha yake yote.

Mwaka 1969 ilipitishwa sheria ya elimu iliyoziweka shule nyingi za misheni mikononi mwa serikali. Kibao cha nje kikabadilishwa. Ndani, mwalimu alikuwa yule yule, na mtoto wa dawati la mbele bado alitoka kijiji kile kile. Parokia ya kijiji cha Mwazye, alikozaliwa mwaka 1944 Polycarp Pengo ambaye baadaye alikuja kuwa kardinali, haikuwa na haja ya kusubiri mtu aamue shule ni ya nani ndipo itoe watu. Mwenye kibao na mwenye shule ni watu wawili tofauti.

Duka ni hivyo hivyo. Tukisema biashara ya kwanza Sumbawanga, tunamfikiria Mwarabu au Mhindi nyuma ya meza ya mbao, na vitambaa vimekunjwa rafuni. Hao walikuwapo, na wana sehemu yao. Lakini walikuta nchi inayofanya biashara. Majembe ya chuma cha Ufipa yalitembea. Wafumaji walifuma kitambaa cha pamba. Chumvi ilitoka Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, na samaki walipanda kutoka Tanganyika. Wafanyabiashara wa pwani walipofika Kirando katika karne ya 19, walijiunga na soko ambalo tayari lilikuwapo.

Basi muuza duka huwa mtu wa mahali lini? Siku anapofungua daftari la mikopo. Mkulima wa Ufipa hupata fedha baada ya mavuno, lakini chumvi na sabuni huisha kila wiki. Kwa hiyo duka la kijijini haliishi kwa fedha taslimu. Linaishi kwa kusubiri. Pale mwenye duka anapoandika jina, kilo ya sukari, na tarehe, huku akitazama mawingu kama wakulima wenzake, ameshika jembe. Mahindi yakinyauka na yeye atanyauka. Ni kweli, kukopa harusi kulipa matanga, na madaftari mengi yamefungwa kwa ugomvi. Lakini hata ugomvi wa deni ni ugomvi wa wenyeji. Mpita njia hadaiwi.

Serikali nayo iliwahi kudhani duka linaweza kuanzishwa kwa tangazo. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, ya kijiji yashike nafasi yake. Mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Nia ilikuwa kumwondoa mnyonyaji. Ila daftari lilikuwa limeandikwa ndani ya kichwa cha mtu, nani hulipa upesi, nani ana mgonjwa asidaiwe mwezi huu, na maarifa hayo hayahamishwi kwa waraka. Baadaye maduka yalirudi. Mahindi nayo hayakusubiri nadharia. Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma katika mikoa minne inayolisha taifa, wakati ambapo lori la kuyatoa mahindi hayo hadi Tunduma lilikuwa likipigana na tope. Leo barabara hiyo ni ya lami, na wageni ni wengi zaidi.

Hapa lazima nijipinge mwenyewe, maana methali ya jembe ni tamu mno, na utamu hufumba macho.

Kwanza, si kila mgeni anataka jembe. Wapo wanaotaka kiti tu. Wangoni wa Zwangendaba walipita huku katikati ya karne ya 19, kiongozi wao akafia Ufipa, nao wakagawanyika na kwenda zao. Wajerumani walijenga boma Kasanga, wakaliita Bismarckburg kwa heshima ya chansela ambaye hakuwahi kuliona ziwa. Mwaka 1916 walitolewa na Waingereza. Jina hilo limebaki vitabuni, na Kasanga imebaki midomoni mwa watu. Linganisha na meli yao, Graf von Götzen, waliyoizamisha wenyewe mwaka huo huo wa 1916. Iliibuliwa, na 1927 ikaanza upya kwa jina la Liemba, ikabeba abiria, migebuka na magunia ya watu wa ziwa kwa miongo na miongo. Boma lilikuja kukalia kiti. Meli ilipewa jembe.

Pili, wenyeji wenyewe tunaweza kuligeuza jembe kuwa silaha. Tangu mwishoni mwa karne iliyopita wafugaji wa Kisukuma wameshuka bonde la Rukwa na ng'ombe wao, na leo wana watoto waliozaliwa hapo, wanaoijua njaa ya hapo na mvua ya hapo. Mwaka wa ngapi ndiyo siku yao ya tatu? Na sisi tunaojiita wenyeji, wangapi tuko pale mababu walipokuwa? Vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970 viliwahamisha watu kutoka kwenye mahame yao, wakapangwa kwenye mistari. Kwa siku moja, kijiji kizima kikawa cha wageni, bila mwenyeji wa kumgawia mwenzake jembe. Ugomvi wa mipaka tunaousikia leo mabarazani, mara nyingi ni watu wanaotafuta nani awe mwenyeji wa nani.

Nadhani jibu limejificha kwenye jina la mji. Sumbawanga, husema wenye lugha, ni amri: tupa uchawi. Watanzania hucheka. Mji ulioitwa tupa uchawi ndio wanaoutania kuwa ghala la uchawi na kiwanda cha radi, na Mfipa akipanda basi Dar es Salaam lazima aulizwe kama amekuja kwa ungo. Lakini jina lenyewe ni sharti la kukaribishwa, na angalia lisivyouliza. Haliulizi babu yako alizikwa wapi, wala ulifika mwaka gani. Linakuambia cha kuacha mlangoni: lile la kumdhuru mwenzako. Ukiliacha, ingia. Na amri hiyo inamhusu aliyetangulia kama inavyomhusu aliyefika jana, maana wanga ambao mji unauogopa zaidi ni ule ulioko ndani.

Nikirudi Milansi, simlaumu mke wa mfalme. Kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa la mpangilio: alitoa kiti siku ya kwanza, kabla ya jembe. Na watawala waliotokana na kiti kile walilihisi pengo hilo, ndiyo maana Milansi haikufutwa. Ilibidi pawe na mtu wa kusema, nyinyi mnatawala, lakini mlifunguliwa mlango. Kabila likiweza kulisimulia hilo juu ya watawala wake mwenyewe, kwa karne, bila kuona aibu, limeelewa kitu ambacho jiwe la msingi halijaelewa.

Kila mwaka mwalimu mpya hushuka basi katika kijiji fulani cha uwandani akiwa na godoro na sanduku, ametoka Mara au Tanga, na baridi inamshangaza. Siku ya kwanza hupelekewa ugali na maharage. Siku ya pili hulala. Siku ya tatu, au ya thelathini, mama wa nyumba ya jirani huja na jembe begani, humwonyesha kipande cha nyuma ya nyumba, humwambia hapa aliyekutangulia alipanda viazi, udongo bado una nguvu. Kisha hugeuka na kwenda zake, bila kuuliza kama mwalimu anajua kulima.